Kuombea watu tusiowajua sokoni Mtwara: tuanzeje bila kuleta usumbufu?

Mwanakwaya wa Chikongola ameuliza:

Habari zenu wapendwa na wadau wote wa humu.

Tupo vijana sita, wasichana wanne na wavulana wawili, kutoka makanisa matatu tofauti ya Mtwara mjini. Kuanzia mwezi ujao tunataka kila Jumamosi tukae na meza ndogo mahali penye watu, ama jirani na Soko Kuu ama kule feri wanakosubiri kuvuka kwenda Msangamkuu. Anayetaka kuombewa anakaa, tunamwombea, anaendelea na safari yake. Hakuna jukwaa, kwaya wala spika.

Wachungaji wetu wameridhia, ila wao wamezoea mikutano ya injili ya viwanjani, na jambo hili la meza hawalijui. Tunaomba utaratibu: kibali ni kwa nani, saa ngapi inafaa, mtu usiyemjua unamwanzaje, maombi yachukue muda gani, na ni yapi huwa yanaharibika. Mji wetu mnaujua. Majirani na ndugu zetu wengi ni Waislamu, tumesoma nao na tunazikana. Hatutaki jambo jema liwe chanzo cha maneno.

---

Mzee wa Kanisa amejibu:

Bwana awabariki wanangu.

Kabla ya meza na viti, amueni jambo moja: meza hiyo ni ya kuombea watu, au ni ya kutafuta waumini? Yote ni kazi halali ya kanisa, lakini hayakai meza moja. Mtu aliyeketi kuombewa ugonjwa wa mwanae, akigundua katikati kwamba maombi yalikuwa njia ya kumfikisha kwenye mahubiri, hatarudi, na mpaka saa sita genge zima litakuwa limesikia. Kama ni ya kuombea, mwombeeni, mwishie hapo. Akiuliza habari za imani yenu, mjibuni kwa furaha. Asipouliza, mwacheni aende.

Sasa utaratibu. Kaeni wawili wawili, kama wale sabini wa Luka 10. Mmoja anazungumza na mgeni na ndiye anayeomba. Wa pili ananyamaza na macho yake yanabaki wazi muda wote wa maombi: anaangalia mkoba wa mgeni, bodaboda zinazopita, mtoto aliyetambaa nyuma ya kiti. Mkifumba macho wote wawili sokoni mmemwachia kibaka nafasi, na anayeibiwa ni mgeni wenu.

Kwa idadi yenu zinatoka jozi tatu: moja ya wasichana wawili, na mbili za msichana na mvulana. Kwa hiyo kila wakati mezani yupo msichana, na hilo mlishike, kwa sababu kinamama ndio watakaokuja zaidi. Jozi moja ikae dakika 45 kisha ipokewe. Wengine wakae mbali kidogo, hata mita 15, wasizunguke meza. Watu sita wakisimama pamoja ni kundi, na mwenye jambo la siri hasogelei kundi.

Viti vitatu vya plastiki vinatosha. Cha mgeni kisitazamane nanyi ng'ambo ya meza, maana akikaa hivyo anajiona yuko ofisini anahojiwa. Kiwekeni ubavuni mwa meza, na mgongo wake uelekee barabara. Anayesimulia shida yake huku uso unaonekana na kila jirani anayepita hatasema lile lililomleta, atasema la juu juu.

Kumwanza mtu: msimfuate njiani, msimwite kwa mbali, msimpe karatasi. Anayepita karibu msalimieni kama mngemsalimia siku yoyote, mzee shikamoo, wa rika lenu habari za asubuhi. Akipunguza mwendo au akisoma bango, semeni mara moja ninyi ni nani: "Sisi ni Wakristo wa makanisa ya hapa mjini, tunaombea watu kwa jina la Yesu, ni bure. Kuna jambo ungependa tukuombee?" Neno Wakristo na jina la Yesu vitajwe hapo hapo mwanzoni, ili anayeketi ajue anaketi wapi.

Kisha mnyamaze. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, wanajaza kimya kwa maneno. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu pale Yeriko alimwona, bado Bwana alimuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Msikilize mtu mpaka amalize, halafu mrudieni kwa maneno yake mwenyewe, "umesema mwanao yuko baharini siku ya tatu na simu haipatikani." Akisema goti linauma, ombeeni goti. Msiligeuze kuwa laana ya ukoo.

Muda ni sekunde 20 mpaka 90. Fanyeni mazoezi Jumamosi mbili kanisani huku simu ikihesabu, kwa sababu asiyezoea huomba dakika nne akidhani ni moja. Chukueni huyo mama wa mvuvi. Maombi yanayomtosha ni haya: "Mungu Baba, mama huyu anamngoja mwanae aliye baharini. Wewe unajua alipo. Mlinde, umrudishe salama. Mtulize mama moyo wakati anangoja. Tunaomba kwa jina la Yesu, Amina." Hiyo ni kama sekunde 20. Baada ya Amina ongezeni swali moja la kibinadamu: ameshatoa taarifa BMU (kikundi cha wavuvi cha ulinzi wa fukwe) au polisi? Kama bado, mwelekezeni aende sasa hivi.

Sauti iwe ya mazungumzo. Muuza vitunguu wa meza ya pili asisikie. Kunena kwa lugha na kukemea mapepo yaacheni kanisani, kwa sababu sauti ikipanda pale sokoni, ndani ya dakika moja watu thelathini wamezunguka na mgeni wenu amegeuka maonyesho.

Mikono yenu ibaki magotini. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka (1 Timotheo 5:22), na kwa mtu mliyekutana dakika tano zilizopita onyo hilo lina uzito wake. Mgeni akitaka mwenyewe kushikwa, mwanamke amshike mwanamke na mwanaume amshike mwanaume, kiganja tu. Kichwani hapana. Ushungi wa mama haushikwi na mtu baki.

Mwisho, pale mezani pasiwe na mafuta, maji ya baraka, vitambaa wala chumvi. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi. Palipo na kitu cha kugusa watu watagombania. Palipo na neno tu, watasubiri zamu.

---

Karani wa Mtaa amejibu:

Nitajibu la vibali tu, mengine mzee ameyamaliza.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni huru na ni hiari ya mtu binafsi, bila kuathiri sheria nyingine za nchi. Watu wawili na meza si mkutano. Lakini mkiita watu wakusanyike, au mkaweka spika, mmeingia kwenye Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43, kinachotaka taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Kwa hiyo ule uamuzi wa kutokuwa na spika umewaondolea kazi kubwa.

Hata hivyo andikeni barua. Iende kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, uongozi wa soko na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Ukurasa mmoja unatosha: majina ya makanisa, mahali hasa (si "maeneo ya sokoni", andikeni upande gani na karibu na nini), siku, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, kwamba hakuna kipaza sauti wala michango, jina na simu ya msimamizi mmoja, saini na muhuri wa kanisa mojawapo. Pelekeni wiki moja kabla. Toeni nakala ya ziada igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo nakala ndiyo mali, ikae mezani ndani ya mfuko wa plastiki kila Jumamosi.

Kinachokwamisha wengi si polisi, ni ushuru. Mkusanya ushuru akiona meza na watu wanakaa na kuondoka, kwake hiyo ni biashara, naye yuko kazini. Msibishane naye, mwonyesheni barua yenye muhuri wa uongozi wa soko. Pia msikae kwenye nafasi ya machinga hata kama asubuhi hiyo hayupo. Ile sehemu ina mwenyewe, na akifika saa nne na mzigo wake kichwani ugomvi umeshaanza.

Kule feri, kivuko kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme. Ndani ya geti mnahitaji ruhusa ya msimamizi wa kivuko, nje ya geti mnarudi kwa mtendaji wa kata. Mkiwaza kwenda hospitali ya Ligula baadaye, hiyo ni barua nyingine kabisa kwa uongozi wa hospitali, na msiingie wodini kwa kupitia ndugu wa wagonjwa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 129, inagusa maneno yanayosemwa kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Akija kijana anataka mlinganishe vitabu kama kwenye mihadhara, jibu ni moja: "Sisi tumekaa kuombea watu tu, kaka." Mara ya pili mwambieni hivyo hivyo, na ya tatu pia.

Na wakati wa kampeni za uchaguzi fulana zenu zisifanane na rangi za chama chochote. Meza na bango vinadhaniwa haraka sana.

---

Jirani wa Shangani amejibu:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, na nimefurahi kwamba swali limeulizwa kabla ya meza kuwekwa.

Saa kwanza. Adhuhuri hapa kwetu huingia kati ya saa 6:05 na 6:35 mchana, inategemea miezi. Kaeni saa 3 mpaka saa 5 na nusu asubuhi, mkunje kabla adhana haijatoka. Muda huo pia kinamama wengi wameshanunua mboga na hawana haraka kama alfajiri, na jua halijawa kali. Mkikaa mpaka saa saba, miezi ya Novemba mpaka Machi hamtavumilia hata nyinyi.

Mahali: msikiti usionekane kutoka mezani kwenu, na msiwe kwenye njia ya kwendea. Mita 100 ni kiasi kizuri. Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni madrasa. Watoto wengi wanasoma Jumamosi asubuhi na wanapita kwa makundi. Chagueni upande ambao si njia yao. Mtoto akisimama mezani mwambieni kwa upole aende, na msimpe hata pipi. Mzazi akisikia mwanae amepewa kitu na watu wa kanisa, hatauliza kilikuwa nini.

Salamu. "Bwana Yesu asifiwe" ni ya kwenu ndani, inamtaka mtu ajibu Amina, na kwa mtu wa nje hiyo ni kama kulazimishwa. Kwa upande mwingine, msitusalimie "Asalaam aleykum" ili kutuvuta mezani. Kwa jirani anayenijua ni heshima, lakini kwa mtu baki mwenye bango la maombi itaonekana ni ujanja. Habari za asubuhi inatosha.

Jueni pia namna watu wa pwani wanavyokataa. Hatusemi hapana usoni kwa mtu. Mtu akikuambia "Inshallah", au "nitapita baadaye", au "ahsante, tuombeane dua tu", ameshakataa, tena kwa adabu. Jibu lake ni "Haya, ahsante, siku njema." Ukianza kumweleza upya umemvunjia heshima.

Na wapo Waislamu watakaokaa. Mama mwenye mgonjwa nyumbani anapokea dua ya kila mwenye nia njema. Huyo mlindeni kuliko wote. Msiandike jina lake, msimsimulie kanisani kama ushuhuda, na picha kabisa msipige, hata ya mbali. Picha ya mama mwenye ushungi ameinamisha kichwa mezani kwenu ikifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, yeye nyumbani kwake hana amani, na nyinyi hamtakaa tena hapo.

Mwezi wa Ramadhani, chupa za maji na vikombe vya chai visiwe juu ya meza. Na siku yoyote msafara wa jeneza ukipita, simameni, nyamazeni, hata kama mlikuwa katikati ya maombi. Malizieni ukishapita.

---

Mtumishi Saa Tisa amejibu:

Kwa heshima zote, naona mnawafundisha vijana kuificha injili. Mitume walihubiri masokoni kwa sauti. Paulo kule Athene alihojiana na watu sokoni kila siku (Matendo 17:17). Kuombea watu kwa kunong'ona bila kuwaambia watubu ni kuwapa panadol wakati wanahitaji upasuaji.

---

Mzee wa Kanisa amejibu:

Mtumishi, Paulo alihojiana na waliokutana naye na waliotaka kuhojiana, na hakuna aliyekuja kwake amelia akaambiwa asubiri mpaka mahubiri yaishe. Mkutano wa injili una uwanja wake, una kibali chake, na anayekuja anajua amekuja kuhubiriwa. Fanyeni, na vijana hawa waje kuwasaidia. Ila anayeketi kwenye kiti kile amekubali jambo moja tu, kuombewa. Tukimwongezea la pili bila ridhaa yake, hata hilo la kwanza tumelichafua. Na hakuna linalofichwa: jina la Yesu linatajwa kabla hajaketi na linatajwa kabla ya Amina.

---

Mwanakwaya wa Chikongola ameuliza:

Asanteni sana, na wewe jirani ahsante kwa la madrasa, hatukuwa tumelifikiria kabisa. Maswali mawili tena. Mtu akianguka tukiwa tunaomba tufanyeje? Wengine kwetu husema amepandisha, wengine kifafa. La pili, bango liandikwe nini?

---

Nesi wa Mnazi Mmoja amejibu:

Naandika kutoka Lindi, lakini mwili wa mtu ni ule ule.

Mtu akianguka, kwa dakika hizo kadhaa msibishane ni pepo au ni kifafa. Fanyeni haya: sogezeni viti na meza, wekeni kanga au koti lililokunjwa chini ya kichwa, legezeni kitu kinachobana shingo, na mmoja aangalie saa. Msimshike kwa nguvu kumzuia kutikisika, mtamvunja. Msimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, kitambaa au maji. Mtikisiko ukikoma mlazeni ubavu, mdomo uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke, na kaeni naye mpaka ajitambue. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au aliumia kichwa, bajaji moja kwa moja hospitali. Yule mwenzenu wa macho wazi kazi yake wakati huo ni moja: kuwaondoa watu na simu zao za kupiga picha.

Wengine huanguka kwa sababu hawajala tangu jana, au wana kisukari, au jua limewapiga. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesaidiwa na kelele.

Dawa. Msimwambie mtu apunguze au aache dawa, na msiseme neno linaloweza kusikika hivyo. "Umepona, amini tu" kwa mtu wa ARV, presha au kisukari linaweza kumaliza uhai wake. Ombeeni apate nafuu, ombeeni dawa imkubali, kisha mwulizeni tarehe yake ya kliniki ni lini. Akiwaambia hali yake ya VVU, ni siri aliyowapa, haiendi hata kwa mchungaji bila ruhusa yake.

Yapo mambo matatu ambayo kuombea peke yake hakutoshi. Anayesema anataka kujiua, msimwache peke yake hata dakika moja, tafuteni ndugu yake na mmpeleke hospitali leo leo. Anayepigwa nyumbani, mwelezeni kuwa kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na akikubali msichana mmoja amsindikize. Mtoto anayeteswa, kuna namba 116, ni bure kwa mtandao wowote. Namba hiyo na jina la zahanati iliyo karibu viandikwe kwenye kadi iliyobandikwa upande wenu wa meza.

Na hili la uchawi lazima litakuja. Mama atakaa aseme jirani yake fulani anamloga. Jina hilo lisitoke mdomoni mwenu, wala kwenye maombi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inakataza kumtuhumu mtu hivyo, na vikongwe wameuawa nchi hii kwa jina lililotajwa mara moja tu. Ombeeni amani ya nyumba yake na usingizi wake. Mwulizeni nani anaumwa pale nyumbani na ameumwa tangu lini. Mara nyingi nyuma ya jambo hilo kuna homa isiyopimwa.

---

Fundi Mabango amejibu:

Bango lisiandikwe "TUNAOMBA HAPA". Kuomba kwetu ni pamoja na kuomba hela, mtu akisoma kwa mbali atajua ni ombaomba wamepata meza. "HUDUMA YA MAOMBEZI" nalo linasomeka kama kukemea mapepo, na asiye mlokole atapita mbali. Mkatoliki anasema sala, Muislamu anasema dua, nyinyi mnasema maombi. Neno linaloeleweka na wote ni kuombewa. Andikeni:

UNGEPENDA
KUOMBEWA?
Karibu ukae. Ni bure.
Wakristo wa Mtwara

Basi, bila picha ya mchungaji, bila namba ya simu, bila miali ya moto. Mistari miwili ya kwanza herufi za sentimita 8, inasomeka vizuri mtu akiwa mita 20 au 25. Mistari ya chini sentimita 4. Maandishi ya bluu iliyokolea au meusi kwenye nyeupe. Njano juu ya nyeupe juani haisomeki.

Ukubwa ni sentimita 60 kwa 90, litundikwe mbele ya meza, si juu ya nguzo. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusi ukipuliza pale feri, bango la nguzo linageuka tanga na kuangusha mtu. Mkitumia mwavuli, kitako chake kiwe na mchanga wa kilo 15 au zaidi, na mkiona unaanza kuinuka mkunje bila kusubiri. Bora zaidi ni kivuli cha mti. Mkungu au mwarobaini unatosha, na hauhitaji kibali cha kujenga kitu. Ila angalieni kivuli kinahamia wapi saa tano, maana mkiweka meza kwa kivuli cha saa tatu mtaisogeza mara mbili.

---

Mwanakwaya wa Chikongola ameuliza:

La mwisho kabisa. Wakitaka kutoa sadaka? Na wanaotuomba hela ya nauli au ya chakula? Na je, tuwe na daftari la kufuatilia watu?

---

Mzee wa Kanisa amejibu:

Sadaka msipokee, hata mia mbili, hata embe. Mathayo 10:8, mlipata bure, toeni bure. Mwambieni, "Ahsante mama, ukipenda itoe unaposali." Siku mtakayopokea ya mmoja, wa nyuma yake ataona aibu kukaa mikono mitupu.

Wanaoomba hela ndio mtihani mgumu, na lazima mkubaliane kabla. Mkitoa nauli Jumamosi ya kwanza, ya pili mtakuwa na foleni ya nauli, na mwenye msiba atapita akidhani ni mgao wa hela. Mezani hakuna pesa. Lakini mwenye njaa ya kweli msimwombee mkamwacha aende na njaa yake, Yakobo 2:16 iko wazi kabisa. Kila kanisa kati ya matatu lina kitengo cha wahitaji. Chukueni jina la mtu mmoja kwa kila kanisa na siku anayopatikana, mwelekezeni huko. Anayehitaji zaidi ya hapo, ofisi ya ustawi wa jamii ipo halmashauri.

Msimu wa korosho mtaulizwa sana kuhusu malipo ambayo hayajaingia benki. Ombeeni subira na riziki ya nyumba, na msitoe hukumu juu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wala mnunuzi. Hamjui kilichotokea.

---

Karani wa Mtaa amejibu:

La daftari: tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya na imani za mtu ni taarifa nyeti. Daftari lenye "mama fulani, simu fulani, VVU" likisahaulika kwenye bajaji mmemwangamiza mtu. Andikeni jambo tu: "mtoto, homa", "mume, baharini". Bila jina, bila simu, bila mtaa. Jumapili mkishaombea pamoja, chaneni ukurasa na mchome.

Mtu akitaka kuwasiliana nanyi, mpeni kadi yenye namba ya msimamizi, simu moja ya kazi hiyo, si namba binafsi ya msichana yeyote kati yenu. Akitaka atapiga yeye.

Na wa chini ya miaka 18 asiketi kile kiti bila mzazi au mlezi kuwa pembeni yake, hata kama amekuja analia. Huyo mwulizeni mama yuko wapi, mmoja wenu aende naye kumtafuta.

---

Jirani wa Shangani amejibu:

Kabla ya Jumamosi ya kwanza piteni kwa wauza duka na genge wa karibu na hapo mtakapokaa, mmoja mmoja, mjitambulishe na muulize meza ikikaa hapo itamziba nani. Nendeni katikati ya wiki, si asubuhi ile ile. Akisema isogezwe mita mbili, isogezeni.